GPS ya mukono kwa wenye kinga: namna ya kuichagua na namna ya kuitumia



Kundi ya kinga ya masomo yetu inakusanya feza tangu mwanzo wa mwaka kwa kununua mashini moja ya GPS. Feza hiyo haikuanguka toka juu. Kuko wenzetu walioacha mukate wa saa ine, kuko walioosha motokari za watu siku ya posho, na walimu wawili waliongeza sehemu yao. Sasa kisanduku kinatosha kwa mashini moja tu, si mbili. Tukinunua vibaya, hakuna mutu wa kuturudishia. Kwa hiyo kamati ya wanafunzi ilituomba tuandike somo hili, ili kila mutu ajue tunataka kununua nini, juu ya nini, na tutaitumia namna gani. Kisha mukutano wenyewe utakata shauri.

Somo lina sehemu sita. Kamateni kaye na biki, maana mwishoni kuko maulizo.

1. GPS ni kitu gani?

GPS ni mupango wa masatelite unaomwambia mutu fasi aliko juu ya dunia. Marekani ilirusha satelite ya kwanza ya kazi hii katika mwezi wa pili 1978, na mu 1995 mupango wote wa masatelite 24 ulitangazwa kuwa tayari. Masatelite hayo yanazunguka dunia juu sana, karibu kilometre 20 200, na kila moja inazunguka dunia mara mbili kwa siku. Leo Marekani haiko peke yake: Urusi iko na GLONASS, Ulaya iko na Galileo, na China iko na BeiDou, ambayo ilimalizika kwa dunia nzima mu 2020. Mashini nyingi za leo zinasikiliza zaidi ya mupango mumoja.

Inatumika namna gani? Kila satelite inabeba saa ya atome, na inatangaza bila kunyamaza: mimi ni satelite fulani, niko fasi hii, saa yangu ni hii. Mashini yetu inasikiliza tu. Habari inakimbia sawa mwangaza, kilometre 300 000 kwa segonde moja. Toka juu mpaka chini inachukua karibu segonde 0,067. Mashini inapima huo muda, inajua umbali wa satelite. Ikijua umbali wa masatelite matatu, inaweza kujua fasi. Lakini saa ya ndani ya mashini ni saa ya bei kidogo, haiko sawasawa na saa ya atome. Kwa hiyo inapashwa kusikia satelite ya ine kwa kujisahihisha. Chungeni neno hilo: masatelite mane kwa uchache.

Wa darasa la mwisho wanaosoma fizike watapenda kusikia jambo hili. Saa zilizo kule juu zinakimbia kuliko saa za hapa chini kwa microsegonde 38 kila siku, sawa vile Einstein alivyofundisha. Ni kidogo sana, lakini mwangaza unapita metre 300 ndani ya microsegonde moja. Kama wenye kutengeneza hawangesahihisha, kosa lingeongezeka kwa zaidi ya kilometre 10 kila siku. Basi wanaosema kama mafundisho ya darasani hayana kazi barabarani, wajibu hilo.

Tena kuko mawazo mawili ya uongo yanayotembea katika chumba cha kulala cha wavulana. La kwanza: kwamba GPS inakula unite za telefone. Hapana. Kusikiliza masatelite hakulipishwi hata franga moja, wala hakuombi rezo. La pili: kwamba mwenye kubeba GPS anaonekana na masatelite. Hapana tena. GPS ya mukono ni sawa radio: inapokea, haitumi. Radio ya babu nyumbani haimwambii mutangazaji kama babu anasikiliza.

Mpaka mwaka 2000, Marekani iliharibu kidogo kwa makusudi habari ya raia, ili jeshi lake peke yake lione sawasawa. Raia waliweza kukosea kwa karibu metre 100. Tarehe 2 mwezi wa tano 2000 wakaacha kufanya hivyo. Leo, chini ya mbingu wazi, mashini nzuri inakosea kwa metre chache tu, tatu mpaka tano. Chini ya miti mingi, metre 10 ao zaidi.

2. Juu ya nini mwenye kinga wa kwetu anaihitaji?

Wengine wanauliza: babu zetu walipita pori bila GPS, na walifika. Ni kweli. Lakini babu alijua pori lake moja kwa miaka makumi. Sisi tunatoka mujini, tunakwenda siku moja fasi ambayo hatukuzaliwa.

Inchi yetu ya Katanga haiko na milima mirefu ya kutuonyesha njia sawa kule Kivu. Hapa Lubumbashi tuko juu ya uwanda wa karibu metre 1 200, na miti ya miombo inafanana kila upande. Njia za wachoma makala zinagawanyika, zinakutana, zinagawanyika tena, na nyingine zinaishia kwa tanuru la zamani, basi. Mwenye kinga anapita mbio kuliko mwenye miguu. Kama akikosea njia kwa nusu saa tu, yuko mbali kilometre 6 ao 7. Na jua letu halingojei mutu: mwezi wa sita linashuka mbele ya saa kumi na mbili ya magaribi, na giza linakuja mara moja.

Kuko na jambo ingine kubwa zaidi. Upande wa Kipushi, mupaka wa Kongo na Zambia unapita ndani ya pori. Tangu mapatano ya 1894 kati ya Waingereza na Mufalme Leopold, mupaka huo unafuata mugongo wa inchi, pale maji yanapogawanyika: ya upande mumoja yanashuka mpaka mutoni Kongo, ya upande mwengine yanakwenda Zambezi. Mugongo huo hauonekani kwa macho, ni sawa meza. Kijana wa kinga anaweza kuingia inchi ya wengine bila karatasi na bila kujua. Mashini yenye ramani inaonyesha mustari huo mbele hajaufikia.

3. Kuchagua: aina tatu

Aina ya kwanza ni telefone. Telefone nyingi za leo ziko na GPS ndani. Ukitia programu sawa OsmAnd ao Organic Maps, na ukishusha ramani wakati uko na rezo mujini, kisha itakuonyesha njia porini bila rezo yoyote. Ni muzuri, na haiombi feza mupya. Lakini kioo chake kikiwaka muda wote, moto unaisha mbele ya magaribi. Juani kioo hakisomeki, mvuani vidole havishiki, na ikianguka juu ya mabwe inapasuka. Tena telefone njo kitu cha kwanza ambacho mwizi anatafuta, na njo kitu tunachohitaji kwa kuita musaada. Si vizuri kumaliza moto wa musaada kwa kutazama ramani.

Aina ya pili ni GPS ndogo ya kinga ya mashindano, sawa zile za Edge za kampuni Garmin. (Kampuni hiyo ilianza Marekani mu 1989, jina lake lilitoka kwa majina ya waanzilishi wawili, Gary Burrell na Min Kao.) Inasema mbio, kupanda, hata kupiga kwa moyo ukivaa mukaba wake kifuani. Ni nyepesi na ya kupendeza, na wengi wa kundi wanaitaka. Lakini inakula moto wa ndani, unaojazwa kwa waya. Ukiisha porini, hauwezi kutosha na kutia ingine. Tuseme ukweli: mashini hii ilitengenezwa kwa mutu ambaye kila magaribi analala fasi yenye kura ya umeme. Sisi tunajua vile kura inavyokuja kwetu.

Aina ya tatu ni GPS ya mukono, yenye kutumia mapile mawili ya kidole, yale ya AA. Tukamate kama mufano Garmin eTrex 22x na 32x, zilizotoka mu 2019. Zote mbili zinasikiliza GPS na GLONASS, ziko na nafasi ya giga 8 ndani na fasi ya kutia karte ya kuongeza, na mwenye kuzitengeneza anasema mapile mawili yanatumika saa 25. Zinaweza kuanguka ndani ya maji ya metre moja kwa minuti 30 bila kufa. Uzito pamoja na mapile ni karibu grame 140, hata yai tatu za kuku hazifiki mbali na hapo. Kioo ni kidogo, lakini jua likiwa kali njo kinasomeka muzuri zaidi.

Tofauti ya hizo mbili ni nini? 32x iko na dira ya ndani na kipimo cha hewa kwa kujua urefu. 22x haina: inajua upande wakati unatembea tu, ukisimama inachanganyikiwa. Wenye milima wanahitaji kipimo cha hewa. Kwetu, ambako barabara inapanda kidogo na kushuka kidogo, tunawaza haifai kulipa feza zaidi kwa kitu hicho. Kwa upande, dira ya sumaku ya mwalimu wa jeografia inatosha, haiombi pile.

Mbele ya kulipa, kila mashini ya mukono, mupya ao iliyotumika, ichunguzwe hivi:

a) Iwashwe inje, si ndani ya magazini chini ya manjanja. Ingojewe mpaka ionyeshe masatelite.
b) Fasi ya mapile ifunguliwe. Kukiwa kutu ya kijani, tuiache.
c) Vibonye vyote vifinywe, kimoja kimoja.
d) Fasi ya kutia waya wa ordinatere itazamwe, na waya wake uwe pamoja. Mashini nyingi za zamani ziko na waya usiopatikana tena.
e) Mupira wa pembeni usiwe umepasuka, maana njo unazuia maji.
f) Tarehe isomwe. Hesabu ya majuma ya GPS inarudi sifuri kila kisha majuma 1 024, ni kusema karibu miaka 20. Ilirudi sifuri katika mwezi wa nane 1999, na tena katika mwezi wa ine 2019. Mashini ya zamani ambayo haikusahihishwa inaweza kuonyesha mwaka wa uongo. Fasi inaweza kuonyeshwa vizuri hata hivyo, lakini kwa bei hiyo tunapashwa kujadiliana.

4. Kusoma namba

Hapa njo wengi wanaanguka, basi tukawie kidogo.

Mashini inaandika fasi kwa namba mbili: latitudi, ni kusema mbali gani na ikweta, kaskazini ao kusini, na longitudi, ni kusema mbali gani na mustari wa Greenwich, mashariki ao mangaribi. Lubumbashi iko karibu na 11°40' kusini na 27°29' mashariki. Mashini inaandika S kwa kusini, E kwa mashariki. Ukikosea S ukaandika N, mushale utakutuma mpaka inchi ya Sudani. Si mchezo: herufi moja, zaidi ya kilometre 2 500.

Degre moja ya latitudi ni karibu kilometre 111. Degre moja iko na minuti 60, basi minuti moja ni karibu kilometre 1 na metre 850. Minuti iko na segonde 60, basi segonde moja ni karibu metre 31. Shikeni namba hizo tatu kwa kichwa.

Sasa mutego. Mashini nyingi haziandiki segonde. Zinaandika degre, minuti, na vipande vya minuti katika elfu. Ikiandika S 11°40.500', maana yake ni minuti 40 na nusu, ni kusema 11°40'30". Mwenye haraka anasoma 40 na segonde 50. Tofauti ni segonde 20, mara metre 31: metre 620. Porini, metre 620 ni kukosa kisima, ni kukosa kijiji. Kwa hiyo kundi yote itumie namna moja ya kuandika, na iandikwe juu ya jalada la kaye ya safari.

Jambo la tatu la kuchunga ni musingi wa ramani. Mashini inahesabu kwa musingi unaoitwa WGS 84. Ramani za karatasi za wakati wa Wabelgiji zilichorwa juu ya misingi ingine, na fasi ile ile inaweza kutofautiana kwa mamia ya metre. Ukichukua namba toka ramani ya zamani iliyo katika ofisi ya jeografia, soma kwanza maandiko madogo ya pembeni.

Watoto wa Katanga wana mufano wao wenyewe. Kila siku tunasikia wakubwa wakisema juu ya kare za mine. Kare moja ya Kode ya mine ya 2002 ni segonde 30 kwa segonde 30, na eneo lake limeandikwa kuwa hektari 84,955. Fanyeni hesabu: segonde 30 ni karibu metre 922, metre 922 mara 922, mutafika karibu kabisa. Hivi ndivyo degre na minuti zinavyogawanya udongo chini ya miguu yetu, na mutu asiyejua kuzisoma anaambiwa tu, mupaka uko hapa. Anaitika.

5. Kutumia safarini

Kufunga. Mashini ifungwe juu ya gidoni kwa kishikizo chake, na juu yake tuongeze kamba fupi yenye kufungwa kwa kinga. Barabara zetu zina matuta. Kishikizo kinaweza kuruka, kamba itakamata. Ubaya mwengine wa matuta: mapile yanacheza ndani na mashini inazimika yenyewe. Kipande kidogo cha mupira wa chambre ya zamani, kikiwekwa ndani ya kifuniko, kinayashika.

Mapile. Tununue yaliyoandikwa alkalini, ao yale ya kujazwa tena, yenye kuandikwa NiMH 1,2 V. Katika mashini kuko fasi ya kuiambia aina ya pile. Tusipoiambia, itadanganya juu ya moto uliobaki. Yale ya bei kidogo kabisa ya soko yanakufa mbio, na yakikaa ndani yanatoa maji ya kuharibu. Safari ya siku tatu, saa 8 kila siku, ni saa 24: mapile mawili ndani, mawili mufukoni, yamefungwa ndani ya nailo. Mashini ikiwekwa kabatini kwa likizo, mapile yatoshwe.

Kuanza. Iwashwe uwanjani dakika tano mbele ya kuondoka, bila kutembezwa. Ikiwa imelala muda murefu, inapashwa kupokea upya habari ya masatelite yote, na habari hiyo nzima inachukua minuti 12 na nusu kutangazwa. Wanaoiwasha wakati wanapanda kinga, kisha wanasema imeharibika, wanaisingizia. Saa yake itiwe ya Lubumbashi, masaa mawili mbele ya saa ya dunia. Kinshasa wao wako saa moja mbele.

Alama na nyayo. Kuko vitu viwili tofauti. Alama ni fasi moja unayoiwekea jina: MASOMO, DARAJA, KISIMA, NJIAPANDA 1. Nyayo ni mustari wote ambao mashini inaandika yenyewe nyuma yako, sawa mutu anayemwaga majivu njiani. Mbele ya kuondoka tufute nyayo za zamani, tuweke alama ya MASOMO. Kwa kila njiapanda mwenye mashini asimame, aweke alama, aangalie nyuma, maana njia ya kurudi haifanani na njia ya kwenda. Kwa kurudi, mashini inaweza kutuongoza juu ya nyayo zetu wenyewe. Kwetu porini hiyo njo kazi yake ya bei zaidi, kupita ramani, kupita mbio, kupita mapambo yote.

Umbali. Mushale wa mashini unapima sawa kamba iliyovutwa. Toka Lubumbashi mpaka Likasi kamba ingepima karibu kilometre 110, lakini barabara ni karibu 120. Katika njia ndogo za pori tofauti inaweza kuwa kubwa zaidi. Tena ukisimama kwa kupumzika chini ya muti, mashini inaona kama unatikisika, inaongeza metre za uongo. Mukitaka kuihakikisha, gurudumu la kinga ya 28 linapita karibu metre 2 na santimetre 20 kwa muzunguko mumoja. Fungeni kitambaa kwa waya moja ya gurudumu, hesabuni mizunguko 100, mulinganishe.

Kaye. Kila saa moja, mutu mwengine, si mwenye mashini, aandike namba za fasi ndani ya kaye kwa biki. Mashini ikifa, karatasi iko.

6. Mambo ambayo mashini haijui

Mashini haijui kama mutoni Kafubu umejaa. Haijui kama daraja la miti liliungua kwa moto wa pori. Haijui kama njia inapita katikati ya shamba la mutu, ao kama mwenye shamba amefiwa na hafai kusumbuliwa. Mambo hayo anayajua mama anayeuza mihogo pembeni ya njia. Kuuliza si ujinga. Kundi ikifika kijijini, mashini ikae kimya, kinywa kitumike: kwanza salamu kwa wakubwa, kisha maulizo.

Tena, hapa kwetu mutu mwenye GPS mukononi anaweza kuwaziwa kuwa mutafuta mine, ao mupelelezi. Tunasema hili bila mchezo, ndugu. Karibu na fasi za mine zenye walinzi, karibu na kambi na karibu na mupaka, hatari ya mashini inaweza kuzidi faida yake. Kwa hiyo tunashauri mambo mane: tubebe barua ya safari yenye muhuri wa Prefe wa masomo, inayosema tunabeba GPS na ni kwa kazi gani, mashini isifichwe, maana kitu kilichofichwa kinaleta mashaka, askari ao mulinzi akiuliza, tusimame, tushuke kinga, tuonyeshe na kueleza kwa upole, na tusiingie kabisa fasi iliyokatazwa, hata kama mashini inasema ni njia fupi.

Shauri letu kwa mukutano

Kwa maana hizo zote, tunaomba mukutano ukubali GPS ya mukono ya mapile ya AA, aina isiyo na kipimo cha hewa, na feza itakayobaki inunue mapile ya kujazwa tena pamoja na kishikizo. Tunajua wanaopenda ile ya mashindano watanung'unika. Nayo ni nzuri. Lakini mashini ya kundi inapashwa kurudi nyumbani na wote, hata siku ambayo kura imekosa juma nzima.

Mashini isiwe mali ya wakubwa wa darasa la mwisho. Sisi tutaondoka kisha egzameni ya Leta, mashini itabaki. Kwa hiyo kila safari ibebwe na wawili, mumoja wa madarasa ya juu na mumoja wa madarasa ya chini, na msichana awe na zamu yake sawa mvulana. Anayejua peke yake ni sawa kisanduku kilichofungwa.

Kuko na kazi moja ambayo tungependa kuona ikianza mbele hatujaondoka. OpenStreetMap ni ramani ya dunia iliyoanza Uingereza mu 2004, na mutu yeyote anaweza kuiongezea. Tukiitazama upande wetu, barabara kubwa ziko, lakini njia nyingi za kinga hazipo, visima havina alama, na vijiji ambavyo tunavijua kwa jina ni fasi nyeupe. Fasi nyeupe maana yake si kwamba hakuna watu. Maana yake ni kwamba hakuna aliyewaandika. Siku ambayo mugonjwa anatafutiwa njia, ao dawa za watoto zinapelekwa, anayepanga safari anatazama ramani. Nyayo zetu, zikitiwa ordinatere kisha kila safari, zinaweza kujaza fasi hizo kidogo kidogo. Tuulize kwanza wakubwa wa kijiji jina wanalolitumia wenyewe, tuliandike sawasawa vile wanavyolitamka, na visitiwe vitu ambavyo wenyewe hawapendi vionekane.

Maulizo ya kujibu ndani ya kaye

1. Juu ya nini mashini inahitaji masatelite mane, si matatu?
2. Mashini inaandika S 11°46.250'. Geuza minuti na vipande vyake kuwa minuti na segonde.
3. Alama mbili ziko juu ya longitudi moja: S 11°38.000' na S 11°42.000'. Kuko kilometre ngapi kati yao, sawa kamba iliyovutwa? Njia ya kinga itakuwa fupi ao ndefu zaidi? Eleza.
4. Mapile mawili yanatumika saa 25. Kundi inatembea saa 9 kila siku kwa siku ine. Tubebe mapile mangapi?
5. Taja vitu vitatu ambavyo GPS haijui na ambavyo mwanakijiji anajua.

Majibu yaletwe kwa chumba cha kapita wa wanafunzi mbele ya siku ya tano. Mukutano utakuwa siku ya posho, kisha kazi ya mikono, chini ya muembe. Wenye shauri ingine waje nalo, na hesabu yake mukononi.

Kwa jina la kundi ya kinga,
Kapita wa wanafunzi, darasa la mwisho